Rili ya sentapini: nianzie wapi katika maji ya Tudor?

Mwalimu wa Tudor

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Mjomba wangu aliyefanya kazi melini kwa miaka mingi amerudi nyumbani, na katika vitu alivyoniletea mna rili ya kuvulia ya aina ambayo sijapata kuiona hapa Mombasa. Aliniambia inaitwa sentapini. Ni gurudumu la alumini lenye kipenyo cha inchi 4 na nusu, lina vishikio viwili vidogo vya mbao, halina gia hata moja, halina ule waya wa kukunjia nailoni tuliouzoea katika rili za madukani, na halina breki isipokuwa kitufe kilicho nyuma ambacho ukikisukuma gurudumu huanza kulia tik-tik. Ukilipuliza tu kwa pumzi huanza kuzunguka.

Mimi nimelelewa kwa mshipi wa mkono. Marehemu babu alinifunza kuvua changu tukiwa ndani ya dau mbele ya mikoko, kwa hiyo habari za chambo, ndoana na chubwi la kuzamishia mshipi si ngeni kwangu, ila fimbo na rili ndizo ngeni. Nilikwenda katika duka moja mjini nikaeleza nilicho nacho, nikauziwa fimbo ya mita 2.1 kwa maelezo kwamba inafaa kwa rili yoyote. Jumamosi iliyopita nikashuka ufukweni hapa Tudor, nikafunga chelezo, yaani kile kinachoelea juu ya maji, na ndoana, nikarusha kama nilivyoona watu wakirusha rili za kawaida. Gurudumu lilikimbia upesi kuliko nailoni ilivyokuwa ikitoka, mizunguko ikalegea na kumwagika nje ya ukingo, ikaingia nyuma ya gurudumu na kujizonga kwenye mhimili. Nilikaa juu ya jiwe nikifungua fundo moja baada ya jingine mpaka adhana ya magharibi, na mwishowe nikalazimika kukata kama mita 30 za nailoni.

Ningependa kujua kutoka kwa wenye ujuzi: je, rili hii inafaa kwa bahari yetu au ni ya mitoni tu? Fimbo yake hasa ni ya namna gani? Na hurushwaje bila ya kufanya lile tata nililolifanya?

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimefurahi sana kuiona sentapini ikitajwa hapa, kwani nilipokuwa nikiishi Uingereza niliivulia kwa miaka tisa, na ndiyo rili pekee ambayo mpaka leo nikiishika moyo wangu hutulia. Mshukuru mjomba wako, kwa maana amekupa chombo kizuri.

Asili yake ni mji wa Nottingham huko Uingereza, kando ya mto Trent, ambako katika karne ya 19 wavuvi walikuwa na magurudumu ya mbao yaliyozunguka juu ya pini moja ya katikati, na ndiko lilikotoka jina lake. Haja yao ilikuwa kukiachia chelezo kichukuliwe na mkondo mwendo mrefu, pengine mita 30 au 40, huku chambo kikipita karibu na tope bila ya kushtua samaki. Rili yenye gia haifanyi hivyo vizuri, kwa sababu ama umeifungua na nailoni inatoka ovyo kwa mizunguko, ama umeifunga na chelezo kinasimama. Gurudumu huru humpa mkondo nailoni kiasi anachokitaka, wala halizidishi wala halipunguzi. Baadaye yakaja magurudumu mepesi ya madini, na wavuvi wa Kanada wakayachukua kwa ajili ya samaki wa jamii ya trauti wanaopanda mito ya Ontario na British Columbia.

Sasa nakujibu la kwanza. Rili hii ilizaliwa mtoni, lakini mkono wa bahari wa Tudor una mkondo kama mto, tena mkondo unaogeuka mara nne kwa siku. Ukisimama ufukweni ukatazama ng'ambo, maji yakipwa huelekea kulia kwako, upande wa daraja la Nyali, na chelezo chako kitasafiri nayo kama kingesafiri katika Trent. Unachopaswa kukichagua ni wakati. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kati ya kutimia saa mbili na kutimia saa nne tangu yaanze kupwa ndipo takriban nusu ya maji yote huondoka. Mwanafunzi akianza saa hizo atanyang'anywa chelezo kabla hajajua mkono wake uko wapi. Anza siku za maji mafu, yaani yanapopanda na kushuka kidogo, katika saa moja ya mwanzo ya kupwa au saa moja ya mwisho.

Kuhusu fimbo, uliyouziwa sio. Fimbo ya sentapini huwa na futi 11 hadi 15, na anayeanza namshauri futi 13, yaani kama mita 4, iwe laini kuanzia katikati kwenda nchani na iwe na pete nyingi ndogo zilizoinuka za kupitishia nailoni. Urefu huo una kazi mbili. Ya kwanza ni kuinua nailoni juu ya maji, ili ile iliyo kati ya ncha ya fimbo na chelezo isichukuliwe na mkondo na kukivuta chelezo pembeni. Ya pili ni kumlainisha samaki, kwa kuwa rili haina breki na nailoni ni nyembamba, hivyo fimbo ndiyo inayopinda na kupokea mshtuko. Tia nailoni inayohimili uzito wa kilo 4 hivi, mita 100 zinatosha, wala usijaze gurudumu mpaka ukingoni kwa sababu nailoni iliyojaa ndiyo inayoruka na kumwagika kama ilivyokufanyia. Ile sehemu ya mwisho inayofungwa ndoana iwe nyembamba zaidi, ili ikikwama kwenye mizizi ya mikoko ikatike hapo na chelezo chako kirudi.

Tata lako halikutokana na kurusha vibaya tu. Lilitokana na kidole gumba. Mkono ulioshika fimbo ndio wenye breki: kidole gumba chake hukaa juu ya ukingo wa gurudumu muda wote, kikigusa kwa wepesi kama unavyogusa uso wa mtoto aliyelala, na chelezo kinapogusa maji kidole hicho hulisimamisha gurudumu papo hapo. Ukichelewa kwa kupepesa macho, gurudumu huendelea na nailoni imekwisha simama, na hapo ndipo kiota cha nailoni iliyotatana kinapojengeka.

Kwa hiyo ninakuomba kwa wiki mbili za mwanzo usirushe kabisa. Simama mahali ambapo mkondo unapita karibu na miguu yako, dondosha chelezo majini kwa ncha ya fimbo, kisha liachie gurudumu. Jifunze kukizuia kidogo. Maji ya juu hukimbia kuliko maji ya chini, hivyo chelezo kikiachwa kitatangulia na kukiburura chambo nyuma yake, na samaki ataona nailoni kabla ya kukiona chakula. Ukikizuia kwa kidole kiasi cha kukifanya kiende polepole kuliko povu lililo kando yake, chambo hutangulia mbele na kuinuka kidogo kutoka chini, na mara nyingi ndipo samaki hudona. Wewe uliyeshika mshipi wa babu yako tayari unayo nusu ya elimu hii vidoleni. Usikubali mtu akuambie unaanza upya.

Mvuvi wa Nyali

Nimesoma maelezo ya Mzee Baharia kwa makini na ninayaheshimu, lakini ningependa Mwalimu ajue kwamba iko njia nyingine, hasa kwa sisi tunaovua ufukweni penye mawimbi. Huko Queensland, Australia, tangu mwaka 1920 zimekuwa zikitengenezwa rili za Alvey, ambazo nazo ni gurudumu moja lisilo na gia ya kuzidisha mzunguko, ila gurudumu lake hugeuzwa upande kwa nyuzi 90 wakati wa kurusha, nailoni ikatoka ubavuni kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo kilichosimamishwa wima, kisha likarudishwa kukunja. Mchanga na chumvi haviisumbui sana kwa sababu ndani yake hamna mengi ya kuharibika, na inarusha mbali pasipo hofu ya gurudumu kukimbia, kwani wakati wa kurusha gurudumu halizunguki hata kidogo.

Nimemwona mtu akifanya vivyo hivyo kwa sentapini: anaivuta fimbo pembeni, anaiachia nailoni itoke juu ya ubavu wa gurudumu badala ya kulizungusha. Aliweza kurusha siku ileile aliyoanza. Je, Mwalimu asianzie hapo, akapata moyo kwanza, ndipo ajifunze hayo ya kidole gumba?

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Ndugu yangu wa Nyali, uliyoyasema juu ya Alvey ni kweli, na kwa ufukwe wa Nyali penye mawimbi yanayovunjika nisingempeleka mtu na sentapini. Lakini kurusha kwa ubavu kuna deni lake. Kila mzunguko unaotoka ubavuni huitia nailoni msokoto mmoja, na unapokunja kwa kuzungusha gurudumu msokoto ule hauondoki. Ukirusha mita 20 kwa gurudumu la inchi 4 na nusu umeitia nailoni misokoto karibu 60, na ukirusha mara kumi hesabu yake unaiona. Wanaotumia Alvey huliondoa tatizo hilo kwa swiveli, kile kiungo kidogo kinachozunguka ili nailoni isisokotane, tena wengine huweka zaidi ya moja, na wana chubwi zito la kuivuta nailoni ijifungue. Mwenye chelezo chepesi hana uzito wa namna hiyo. Baada ya asubuhi moja nailoni yake itajikunja kama kamba ya simu za zamani, na haitapita petezi mwa fimbo kwa ulaini unaotakiwa.

Kwa hiyo njia ninayompendekezea, atakapomaliza zile wiki mbili, ni ya vitanzi. Shika fimbo mkono wa kulia, zuia gurudumu kwa kidole gumba, kisha kwa kidole cha mkono wa kushoto vuta nailoni iliyo kati ya pete ya kwanza na ya pili, iwe kitanzi, na kwa kidole kingine vuta iliyo kati ya pete ya pili na ya tatu. Bembeza chelezo kutoka chini kwenda mbele, na kinapoondoka achia vitanzi vyote kwa pamoja. Kitakwenda mita 6 au 7, gurudumu likiwa halijasogea hata nywele moja. Katika Tudor umbali huo unatosha kabisa, kwa sababu kinachokupeleka mbali ni mkondo, wala si mkono.

Mwisho kabisa uje mrusho wa Wallis, uitwao kwa jina la mvuvi wa Nottingham aliyesifika kwao. Hapo gurudumu lenyewe huzunguka. Fimbo inapopita kutoka upande kwenda mbele, mkono wa kushoto huivuta nailoni iliyo kati ya gurudumu na pete ya kwanza, ndiyo inayoliamsha gurudumu. Kisha mkono unaachia, nailoni inatoka moja kwa moja bila ya msokoto, na kidole gumba kinalifuata gurudumu mpaka chelezo kinapotua. Ni jambo la kupendeza likifaulu. Mimi lilinichukua msimu mzima, nikifanya mazoezi uwanjani kwa chelezo kisicho na ndoana, wala simfichi Mwalimu kwamba huu ndio mrusho unaozaa viota kuliko yote kwa mtu asiye na kidole kilichozoea.

Jambo moja la usalama. Akishika samaki, kidole kikaze ukingo kwanza ndipo unyanyue fimbo. Usipokaza, gurudumu litazunguka na ndoana haitaingia. Na ikiwa ni kolekole, samaki mwenye nguvu na mbio, ondoa vidole mbele ya vile vishikio viwili upesi, kwani vinazunguka kinyumenyume kwa kasi ya samaki na vitakupiga kwenye mafundo ya vidole mpaka uone damu. Mzuie kwa kiganja kwenye ukingo.

Fundi wa Changamwe

Mimi si mvuvi wa fimbo, ila kazi yangu ni beringi na mashine, na niliposoma kwamba rili ile inaanza kuzunguka kwa pumzi nikaona niseme neno. Maji ya Tudor ni ya chumvi. Rili ya namna hiyo aghalabu imetengenezwa kwa maji baridi, na beringi zake ndogo zikiingiwa na chumvi zitaanza kukwaruza ndani ya siku chache tu usipozishughulikia. Kila ukirudi nyumbani, siku ileile, fungua skrubu ya katikati, lichomoe gurudumu kwenye pini, lisuuze kwa maji ya mfereji yasiyo na kasi, lifute, uliache kivulini likauke. Kisha tia tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kila beringi. Usitie grisi. Grisi ni nzito, italifanya gurudumu liwe zito kuanza kuzunguka, na kwa maelezo ya Mzee Baharia nimefahamu kwamba wepesi wa kuanza ndio unaotakiwa, kuliko ule wa kuzunguka muda mrefu watu wanaousifia wanapolichezea mezani. Beringi zikifa usizipige kwa nyundo kuzitoa. Nambari yake imeandikwa ubavuni, na saizi nyingi ndogo za namna hiyo hupatikana.

Mwalimu wa Tudor

Ninawashukuru nyote kwa dhati, na nimeona ni wajibu wangu kurudi kueleza yaliyotokea. Fimbo ya futi 13 niliipata kwa mtu aliyekuwa nayo nyumbani bila ya kuitumia, nayo ina pete mbili za kutelezeshea rili kwenye gamba laini la mpini, kwa hiyo niliisogeza mpaka fimbo ikakaa mkononi bila ya kuelemea mbele. Nikasubiri maji mafu. Nikaenda alfajiri kabla ya upepo, nikachukua kamba wabichi kwa chambo, nikafanya kama alivyoagiza Mzee Baharia: sikurusha.

Siku ya kwanza na ya pili sikupata kitu, ila nilianza kuhisi gurudumu likitetemeka chini ya kidole kila chelezo kilipopita kwenye maji yanayochemka mbele ya mawe. Siku ya tatu nilikizuia chelezo kando ya kivuli cha mikoko, povu likakipita, na mara kikainama kidogo upande mmoja, kikasimama, kisha kikazama bila ya sauti. Nilikaza kidole nikanyanyua. Alikuwa changu wa ukubwa wa kiganja changu na nusu, na yale mavuto yake mafupi ya kichwa niliyahisi moja kwa moja kwenye ukingo wa gurudumu, sawasawa na nilivyokuwa nikiyahisi kwenye mshipi nikiwa na babu. Vitanzi sasa naviweza. Wallis bado sijaugusa.

Linalonitatiza ni kina. Mbele ya mahali ninaposimama, maji yakijaa kina chake hupita urefu wa fimbo yangu, na chelezo nikikifunga juu kiasi hicho siwezi kukibembeza wala kumfikisha samaki karibu, maana chelezo hugonga pete ya nchani naye bado yuko mbali. Nifanyeje, Mzee wangu?

Baharia Mstaafu, Mji wa Kale

Hongera sana, mwanangu. Kwa kina hicho chelezo kisifungwe, kitelezeshwe. Tafuta chelezo chenye tundu linalopitisha nailoni katikati, ili kiweze kupanda na kushuka kwa uhuru. Juu yake, pale unapotaka kina kiishie, funga kifundo kidogo kwa kipande cha nailoni nyingine, ukiache na ncha mbili ndefu kiasi cha nusu kidole ili kipite petezi kwa ulaini badala ya kukwama. Kati ya kifundo na chelezo pitisha ushanga mdogo, kwa maana bila ya ushanga kifundo kitapenya ndani ya tundu. Chini ya chelezo bana kwenye nailoni risasi, yaani chubwi dogo, nzito kidogo kama mita moja na nusu juu ya ndoana, ndiyo itakayokisimamisha chelezo na kukishusha chambo, na nyingine ndogo mbili uzitawanye kuelekea ndoana.

Unaporusha, chelezo kitakuwa kimekaa chini karibu na risasi, kwa hiyo utabembeza kitu kifupi kama kawaida. Kikitua usilizuie gurudumu mara moja: liachie litoe nailoni polepole, utaona chelezo kimelala ubavu juu ya maji huku nailoni ikipita ndani yake, na kifundo kitakapofika kwenye ushanga chelezo kitasimama wima. Hapo ndipo urudishe kidole chako ukingoni. Jumamosi ijayo maji yakijaa nitakuwa Tudor baada ya sala ya alasiri. Nitakuja na vyelezo viwili vya namna hiyo na ushanga wa kutosha, nawe uje na wale kamba.